Ubungo imebadilika, desa ni lile lile

Ubungo hakuna mataa tena. Mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi, barabara zimepandiana, mwendokasi unapita katikati, na aliyeondoka zamani anaweza kushuka pale akauliza njia ya kwenda Mlimani kama mgeni. Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Kilichonishtua ni karatasi. Kwenye steshenari iliyo jirani na chuo kimoja hapa Dar, desa la saikolojia, yaani muhtasari wa kukariri uliotolewa kopi, linalouzwa leo ni lile lile la enzi zetu. Mbwa wa Pavlov, yule aliyezoeshwa kutokwa mate kwa mlio tu, yuko ukurasa ule ule. Jina la Ebbinghaus limepungukiwa b moja, kama lilivyopungukiwa siku zile. Pembeni mwa ukurasa wa tisa kuna kile kivuli cheusi cha kona iliyokunjwa wakati nakala ya kwanza inatolewa kopi. Kivuli hicho kimerithishwa nakala hadi nakala, leo kimeingia kwenye PDF ambayo CR, mwakilishi wa darasa, anairusha kwenye grupu la WhatsApp kabla mwalimu hajakanyaga darasani.

Jiji limejengwa upya, desa limebaki. Linaniuma, na nitalisema kwa kirefu, kwa sababu somo lenyewe tunalofundisha ndilo linaloeleza kwa nini desa halifundishi. Nawaandikia walimu wa saikolojia wa vyuoni, hasa mnaofungasha mizigo kurudi Dar kufundisha.

Kwanza tuseme ukweli wetu. Tunaorudi tunapenda kusema kwamba enzi zetu darasa lilikuwa linabishana. Kumbukumbu hiyo tusiiamini moja kwa moja: Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu hachomoi kumbukumbu kama faili kabatini. Anaijenga upya kila anapoihitaji, na palipo na pengo anapaziba kwa kile anachoona kilistahili kuwepo. Madesa yalikuwepo enzi zetu, na tuliyameza usiku wa kuamkia mtihani. Tofauti ni semina: kikundi kidogo, mwalimu anakuita kwa jina, unaulizwa "kwa nini?" mara tatu mfululizo mpaka jasho linakutoka. Darasa likifika watu 400, swali la "kwa nini" linakosa wa kulijibu, na desa linabaki peke yake uwanjani.

Sasa sayansi yenyewe. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alikuta kusahau kunakwenda kasi mno saa za mwanzo, kisha kunapunguza mwendo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena, wengine walikifunika wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Waliopimwa baada ya wiki moja matokeo yao yalikuwa kinyume: waliojipima walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma wakabaki na 42. Ndiyo sababu anayekesha na desa anaamini linamsaidia. Asubuhi ile kweli linamsaidia. Muhula unaofuata, unapotaka kujenga juu ya alichosoma, hakuna msingi.

Kwa hiyo kila kipindi kiwe na dakika 10 za karatasi tupu. Simu zinaingia begini, madesa yanafungwa, kila mtu anaandika anachokumbuka cha wiki iliyopita. Dakika 6 za kuandika. Kisha wanafungua madaftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine wanajaza walichokosa. Zile rangi za pili ndizo zinazokuonyesha cha kufundisha siku hiyo. Tembea kati ya mistari ya viti uzisome. Zoezi hili linaharibika kwa njia tatu. Ukilipa maksi, wataandika kwa kuangalia jirani. Ukikusanya karatasi, utabeba mzigo hutausoma, nao wakijua husomi wataandika ovyo. Na ukilifanya dakika ya kwanza utawakosa waliokwama kwenye foleni, ambao Dar ni wengi na si kwa uzembe. Anza dakika ya 20.

Lakini mzizi wa desa haupo kwa mwanafunzi. Upo kwenye meza ya mwalimu. Skripti 400, kila moja dakika 8, ni dakika 3,200, yaani zaidi ya saa 53 za kusahihisha kwa mtihani mmoja wa somo moja, na wengi mna masomo mawili au matatu. Mwalimu aliyechoka anatunga swali linalosahihishwa haraka: taja na ueleze hatua nne za ukuaji wa akili kwa mujibu wa Piaget, mtafiti wa ukuaji wa watoto. Swali hilo jibu lake ni desa, neno kwa neno. Mwanafunzi anayejitungia maelezo yake anapoteza muda, aliyemeza anapata A, na wa mwaka unaofuata anaona vizuri kabisa kinacholipa. Skinner, aliyeonyesha kwamba tabia inayolipwa hurudiwa, hakuhitaji kusema zaidi.

Badilisha swali. Chukua mtoto wa miaka 5 wa Buguruni. Mama anamimina uji kutoka kikombe kipana kwenda glasi nyembamba ndefu, mtoto analia kwamba mdogo wake, aliyepewa glasi, kapata mwingi. Mwombe mwanafunzi aeleze mtoto anafikiri nini, na namna atakavyompima. Gawa alama 10 hivi: 2 kwa kutambua hatua, 3 kwa kueleza kwamba mtoto ameshika kipimo kimoja tu, urefu wa glasi, akaacha upana, 3 kwa kuandika utaratibu wa kumpima kwa vikombe viwili vinavyolingana mwanzoni, na 2 kwa kutaja jambo linaloweza kupotosha jibu la mtoto.

Hizo alama 2 za mwisho ndizo tamu kuliko zote. Kwa utaratibu wa Piaget mtoto anaulizwa kabla ya kumimina, na anaulizwa tena baada ya kumimina. Rose na Blank walionyesha mwaka 1974 kwamba watoto wakiulizwa mara moja tu, baada ya kumimina, makosa yanapungua. Mtanzania yeyote anaweza kukisia sababu. Mtoto wa kwetu akiulizwa na mkubwa swali lile lile mara mbili anaelewa kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya, naye kwa adabu analibadilisha. Mwanafunzi akilifikia hilo mwenyewe, ameelewa kwamba chombo cha kupimia kinaweza kudanganya. Desa lenye kurasa 40 halina mstari huo. Na kusahihisha jibu la namna hii hakuchukui dakika 8. Ukiwa na mgawanyo wa alama mkononi, dakika 4 zinatosha, kwa sababu unatafuta vitu vinne tu na insha ndefu haiongezi kitu.

Mifano nayo itoke hapa. Uimarishaji hasi unawachanganya wanafunzi kila mwaka kwa sababu neno hasi linawapeleka kwenye adhabu. Waweke ndani ya daladala. Konda amesimama juu ya bega lako anachezesha sarafu kiganjani, chwa chwa chwa, nauli nauli. Unalipa, kero inaondoka. Kesho unalipa mapema. Tabia ya kulipa imeimarika kwa kuondolewa kero. Huo ndio uimarishaji hasi. Akikushusha njiani kwa kugoma kulipa, hiyo ndiyo adhabu, na kinachopungua ni kugoma. Kwa malipo yasiyotabirika tumia mikeka ya kubeti: kijana amechaniwa mikeka mingi, akala mmoja bila kutarajia, na huo mmoja unamrudisha kibandani kwa miezi. Kwa Pavlov tumia muuza kahawa anayegonganisha vikombe jioni. Waulize kipi kati ya mlio na ladha mate yaliwahi kukijibu bila kufundishwa. Waliokariri kengele na mbwa watakwama hapo, na kukwama kwao ni faida kwako.

Nikiulizwa kinachompa moyo mwalimu wa somo hili Dar es Salaam, nitasema ni kujua kwamba somo si la wageni peke yao. Mwaka 2010 Henrich na wenzake waliwakumbusha watafiti kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa katika tafiti za saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Sisi tumo kwenye ile 88. Lakini Mary Ainsworth, mtafiti wa uhusiano wa mtoto na mlezi wake, ambaye madesa yote yanamtaja na utafiti wake wa Baltimore, Marekani, alianzia hapa jirani: miaka ya 1954 na 1955 alikuwa vijiji vya karibu na Kampala, akizitembelea nyumbani familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga. Na Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti waliofanya na watoto wa shule karibu na Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuliendea fumbo, wakawapima tena, na alama zikapanda. Maana yake alama ya mara ya kwanza haikuwa imewaeleza watoto wale walivyo. Bagamoyo! Mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi siku moja, na anamaliza shahada hajausikia. Ongeza Wanso wa Kameruni: katika utafiti uliotoka 2018, watoto waliambiwa wasipokula kitamu kilicho mbele yao watapata cha pili, na karibu asilimia 70 ya watoto wao wa miaka 4 waliweza kukisubiri, wakati watoto wa Kijerumani waliosubiri hawakufika asilimia 30. Kilichowekwa mbele ya mtoto wa Kinso kilikuwa kitumbua cha kwao cha ngano, kinachofanana na kalimati. Fundisha hivyo vitatu wiki ya kwanza uone mabega ya darasa yanavyonyooka.

Kuna zoezi moja halihitaji umeme wala projekta. Baddeley na wenzake, 1975, walikuta kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takribani kile unachoweza kutamka kwa sekunde 2. Kwa Kiswahili moja hadi tisa zote zina silabi mbili, hata nne ukiitamka vizuri. Kwa Kiingereza zina silabi moja moja isipokuwa saba. Je, Mtanzania atabeba tarakimu nyingi zaidi kwa lugha ipi? Waweke wawili wawili. Mmoja asome tarakimu moja kila sekunde kwa sauti isiyopanda wala kushuka, aanze na tarakimu 4, aongeze moja moja, asimame mwenzake akikosea mara mbili katika urefu ule ule. Nusu ya darasa ianze na Kiswahili, nusu na Kiingereza, vinginevyo utapima mazoezi badala ya lugha. Usianze orodha na sifuri saba. Wataisoma kama namba ya simu, watazipanga mafungu, na kipimo kimekufa. Matokeo yatakapotofautiana msiyanyooshe. Mwenye Kiingereza cha kusitasita anatamka polepole hata kama neno ni fupi, na mjadala wa kutenganisha urefu wa neno na wepesi wa ulimi unaweza kula saa nzima. Ndiyo saa niliyokuwa naikumbuka.

Mlango wa ofisi nao una kazi yake. Watakuja wenye sonona, wenye mimba wasizojua wazieleze vipi nyumbani, waliosapu, yaani kurudia mtihani, mara mbili. Kufundisha saikolojia hakukufanyi mtabibu. Sikiliza, usitaje ugonjwa, usiahidi siri usiyoweza kuitunza, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi kwa miguu yako mwenyewe, maana ukimwambia "nenda" wengi hawafiki. Akisema anataka kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika moja mpaka mmefika hospitali.

Turudi steshenari. Kulipiga marufuku desa hakutafanikiwa. Muuzaji anajua biashara yake na mwanafunzi anajua umaskini wake wa vitabu. Mpelekee muuzaji desa lako. Kurasa 6 kwa mada, nusu ya kulia ya kila ukurasa iwe tupu, na kushoto pawe na maswali badala ya majibu: mchoro wa kujaza, mfano wa kukosoa, jedwali la matokeo lisilo na maelezo. Andika majina ya watafiti kwa herufi zake zote. Muhula na mwaka viandikwe juu ya kila ukurasa, siyo jalada tu, kwa sababu jalada ndilo la kwanza kung'olewa. Kila mwaka badilisha mifano mitatu na namba za maswali, ili la mwaka jana likirushwa kwenye grupu waone wenyewe halilingani na la darasani. Nakala ya kwanza ipeleke ikiwa safi, haina kona iliyokunjwa.