Kadi 400 na daftari la mama wa achari

Sabasaba ya 2019 niliingia na kadi za biashara 400, zimechapishwa Kariakoo, rangi mbili, picha ya karanga pembeni. Tarehe 13 Julai maonesho yalipofungwa, kwenye boksi zilikuwa zimebaki 37. Nilipanda daladala kurudi Mbagala moyo kwatu: watu zaidi ya 360 wametoka viwanjani na namba yangu! Nikachaji simu, nikasubiri.

Mwezi mzima walinipigia wawili. Wa kwanza alitaka karanga mbichi za gunia, nami siuzi karanga mbichi. Wa pili alikuwa anachapisha kadi za biashara. Aliniambia karatasi ya zangu ni nyepesi mno, nikitaka nzito atanipunguzia bei.

Natengeneza siagi ya karanga. Nilianza jikoni kwa blenda, ikaungua, nikanunua mashine ndogo ya kusagia, na mwaka huo ndipo nilipopata nusu meza kwenye banda la SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Aliyewahi kukaa kwenye lile banda anajua tulivyobanana. Kushoto kwangu alikuwa mama mmoja wa Tanga mwenye achari za embe na ndimu, kulia kaka wa asali kutoka Tabora. Siku 16 tulikula pamoja, tukaangaliziana meza mtu akienda msalani, tukakopeshana chenji. Na siku zote hizo sikuwaona. Macho yangu yalikuwa mlangoni yanamtafuta mtu wa suti, meneja wa supamaketi, msafara wa mgeni rasmi. Hao ndio niliodhani wanaitwa koneksheni.

Mama wa achari hakuwa na kadi hata moja. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, jalada limeshikwa na selotepu. Mtu akishaonja na kusifia, humwambia, "Hebu nitajie namba yako mwanangu, nikifika Tanga nikusalimie." Anaandika jina, anakotoka, kisha maneno mawili matatu ambayo sikuyajali. Kimoyomoyo nilimwona wa kizamani.

Mwishoni mwa Agosti simu ikaita, ni yeye. Baada ya salamu za Kitanga, ambazo huanzia kwa watoto na kuishia kwa kuku, akaniuliza: "Ulisema mashine yako inachemka ukipita kilo tano. Ushapata fundi?" Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimwambia. Akanipa namba ya fundi wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, aliyewahi kumtengenezea mwanawe mashine ya kukoboa. Fundi akabadilisha beringi na mkanda, mashine ikatulia mpaka majirani wakaniuliza kama nimeacha biashara.

Nilipompigia kumshukuru nilimuuliza na habari za lile daftari. Akacheka. "Ukimpa mtu kadi umempa kazi ya kukutafuta. Na watu wana kazi zao, mwanangu."

Nikanunua daftari siku hiyo hiyo. Kurasa za mwanzo ni aibu tupu. Nimeandika majina na pembeni "mteja?", "mteja wa jumla?", "ana hela". Nilikuwa nawapima watu kama gunia. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba yale maneno mawili matatu ya mama wa achari hayakuhusu achari. Yalihusu shida ya mwenyewe: anatafuta mifuniko ya chupa, mwanawe anaanza chuo Morogoro hana pa kukaa, ana shamba la ufuta hajui pa kuuza. Sasa daftari langu lina safu nne: jina, tulipokutana, anachokihitaji, nilichomwahidi. Hiyo ya nne ndiyo inayoninyima usingizi, maana mdomo wangu mwepesi kuahidi.

Nikishaandika, sipitishi siku tatu bila kumtafuta. Zikipita siku tatu ananisahau sura, ikipita wiki naona haya mimi mwenyewe. Na ujumbe wa kwanza hauna bidhaa ndani yake. Zamani nilikuwa natuma picha ya kopo, bei ya jumla, bei ya rejareja na namba ya M-Pesa, mtu hata salamu hajaitikia. Siku hizi naandika hivi: "Shikamoo mama, ni yule binti wa siagi ya karanga, tulikaa pamoja Jumamosi. Ile mifuniko uliyoitafuta nimeiona Kariakoo, nikutumie namba ya duka?" Wengi hujibu. Wasiojibu nawapigia mara moja, wakinyamaza nawaacha na amani yao.

Nisijifanye mjanja, mimi ni mwoga. Kwenye mkutano nikisimamishwa kujitambulisha sauti inakauka. Dawa niliyoipata ni kuwahi. Kwenye semina ya ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nilifika saa moja na nusu ya asubuhi wakati barua ilisema saa tatu. Tulikuwa wanne na mlinzi. Tukapanga viti, na ukishashika mguu mmoja wa meza na mtu huhitaji tena kutafuta la kumwambia. Ukumbi ulipojaa, vikundi vikishajifunga kama vinavyojifunga siku zote, mimi tayari nilikuwa ndani ya kimoja.

Ndipo nilipokutana na mpinzani wangu. Dada wa Temeke, naye anauza siagi ya karanga, tena kopo lake zuri kuliko langu. Nilimjua kwa lebo siku nyingi na nilikuwa nikilikuta kopo lake dukani nalisogeza nyuma. (Amesamehe. Alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa langu.) Desemba nikapata oda ya makopo 300 ya vikapu vya Krismasi, mashine ikakata shafti yake ya kati siku nne kabla. Nilizunguka chumba, kisha nikampigia. Alisaga karanga zangu kwake, usiku, nikamlipa usagaji na umeme. Hakumtafuta mteja wangu, ingawa boksi zilikuwa na jina na namba yake juu.

Huyo dada amenipa vitu viwili ambavyo mameneja wote niliowanyemelea hawakunipa. La kwanza ni vifungashio. Kiwanda tulichokuwa tunakiulizia makopo kilikuwa hakiuzi chini ya 2,000, nami nilikuwa nanunua 50 dukani kwa bei ya kuumia. Tukatafuta wengine wawili, mmoja wa tambi za choroko na mmoja wa unga wa lishe, tukachanga, tukagawana 500 kila mtu.

La pili ni sumukuvu. Sampuli yangu ya kwanza nilipoanza kufuatilia alama ya TBS, shirika la viwango, ilikwama hapo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo kwa ujumla wake, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Yangu ilizidi, na sikuelewa kwa nini, maana karanga nilikuwa nazikaanga mpaka zinanukia mtaa mzima. Dada akanielewesha kwamba sumu hiyo inatokana na ukungu unaoingia tangu shambani na wakati wa kuanika, na moto wa kukaangia hauiondoi yote. Akanifundisha kuchambua kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka, toa. Kisha akanipa namba ya mama anayemuuzia karanga kutoka Singida, anayeanika juu ya turubai, haziguswi na udongo. Namba ile angeweza kuificha. Kabla ya kunipa alimpigia kwanza yule mama kumwomba ruhusa, nami tangu siku hiyo nafanya hivyo hivyo: sigawi namba ya mtu bila mwenyewe kujua. Nikiunganishwa, jioni narudisha jibu kwa aliyeniunganisha, hata kama mambo hayakwenda. Ameweka uso wake kwa ajili yangu, lazima ajue umepokelewaje.

Kuna waliotaka cha juu kwa kuniunganisha. Wengine niliwalipa, kazi ni kazi, ila nao niliwaandika kama madalali, si kama watu wangu.

Nimekosea pia. Supamaketi moja, sitaitaja, ilinipokea kwa shangwe kupitia mhasibu niliyekutana naye kwenye semina nyingine. Nikaingiza mzigo kwa mali kauli. Walisema watalipa baada ya siku 30. Nililipwa ya kwanza baada ya miezi mitatu na nusu, tena nusu nusu. Nilipomlalamikia kaka wa asali alishangaa: "Si ungeniuliza? Hao mimi nilishatoa mzigo wangu mwaka juzi." Daftari lilikuwa na namba yake ukurasa wa pili. Nilikuwa nalitumia kutafuta wateja tu, haikunijia kwamba ni la kuulizia pia.

Na kujuana kuna gharama yake. Mwaka 2022 nilijikuta kwenye magrupu 14 ya WhatsApp, na kila wiki kuna kadi ya mchango: harusi, kipaimara, send-off ya mtoto wa mtu niliyekutana naye mara moja kwenye foleni ya benki. Nilijitoa kwenye kumi. Harusi nachagua, msiba naenda. Mume wa mama wa achari alipofariki nilipanda basi la alfajiri kwenda Tanga, nikakaa mkekani na wanawake, nikamenya vitunguu mpaka macho yakawaka. Mle ndani walikuwemo wenye maduka wa Tanga nzima, na sampuli mbili zilikuwa ndani ya pochi yangu, nilizisahau tangu juzi yake. Sikuthubutu hata kuifungua.

Kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu kuna mzee wa Iramba. Tulikutana stendi ya Singida nilipokwenda kuona karanga zinavyoanikwa, akanishika nusu saa akinieleza makosa ya wakulima wa siku hizi. Safu ya tatu niliandika "anahitaji mtu wa kuongea naye". Nampigia kila Krismasi na kila Idi, ingawa yeye ni Mlutheri. Hajanunua hata kopo moja, anasema siagi inamganda kooni. Mwezi uliopita alinipigia yeye, akauliza kama karanga zimepanda bei Dar, maana kwao mvua zilichelewa. Nikamwambia zimepanda. Akasema pole sana binti yangu, salimia huko, akakata.