Eliya Alilala Kwanza

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikaa kooni. Tukiwaombea wanafunzi wanaokaribia mitihani, mzazi mmoja alisema mbele ya mwanawe, "Huyu imani yake ndogo. Dada yake hakuwa hivi." Binti akainama. Wengine wakaitikia amina!

Ndugu zangu, watoto hawakuumbwa na moyo wa aina moja. Wanasaikolojia hutaja tabia kuu tano za mtu, na mwalimu yeyote anazijua bila kuzisomea. Yupo mwenye bidii na utaratibu: hupanga ratiba mapema, hofu ikija inamkuta amejiandaa. Mchangamfu akibanwa hutafuta wenzake wasome pamoja. Wapo pia wadadisi na wapole. Halafu yupo mwepesi wa wasiwasi, na huyo ndiye tunayemkemea. Wasiwasi humjaa akilini mpaka hesabu zikakosa nafasi, ndiyo maana anayoyajua nyumbani yanampotea kwenye chumba cha mtihani. Ukimwambia "amini tu", umemtwika mzigo wa pili: sasa anaogopa mtihani, na anaogopa kwamba Mungu amemkasirikia.

Mtazameni nabii Eliya. Moto wa Mungu umeshuka mlima Karmeli, watu wameanguka kifudifudi, kisha kitisho kimoja cha malkia Yezebeli kinamkimbiza hadi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Mungu hakumpima imani pale. Alimtuma malaika, palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mungu alimuuliza huko mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Sasa sisi, usiku wa kuamkia mtihani, tunamburuta mtoto kwenye mkesha! Mnanijua, mimi ni mtu wa mikesha. Lakini usiku huo mwacheni alale; usingizi ndio unaoyakaza kichwani aliyoyasoma. Na acheni kumlinganisha na dada yake. Keti naye, mgawanye somo lile zito vipande vidogo, ajibu maswali ya mitihani iliyopita huku saa ikihesabu, ili siku yenyewe isimjie kama mgeni.

Nawe binti, Paulo anasema, "haja zenu na zijulikane na Mungu." Mtajie Mungu somo unaloliogopa, kwa jina lake. Kesho kamwambie na mwalimu.