Safu moja kwa siku

Binti yangu yuko kwenye mazoezi ya kufundisha. Juzi usiku alinipigia simu: "Mama, daftari mia na kumi unazimalizaje?" Sauti yake ilikuwa na uchovu ninaoujua.

Wale waliofurika Darasa la Kwanza Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza Tanzania, mwaka 2019 walikuwa la Nne, darasa la Upimaji wa Kitaifa. Nilikuwa nao 112 wa Hisabati kwenye chumba kimoja. Zamu, maandalio ya somo na vikao nilivimudu. Daftari ndizo zilizonimaliza. Zoezi la maswali matano hula dakika moja na nusu kwa kila daftari. Hizo ni karibu saa tatu, kila siku, baada ya vipindi. Usingizi ukapotea, nikawa nafokea watoto kwa kudondosha penseli.

Jioni moja nilikuwa ofisini, kalamu nyekundu mkononi, nasoma 403 − 178 bila kuona tena daftari ni la nani. Mwalimu wa taaluma, mama mtu mzima, akavuta kiti.

"Mwalimu, hebu weka kalamu kwanza. Wangapi wameandika 375?"

Tukazigawa daftari mafungu mawili mezani. Fungu la 375 likalipita la 225 kwa mbali. Kila mtoto pale alikuwa ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3, 7 toa 0, 4 toa 1. Akaweka kiganja juu ya fungu lile. "Ukiwawekea mkasi wote hawa, kesho watarudia. Hapa pana somo moja la kufundisha upya, basi. Nenda nyumbani."

Kesho yake niliingia na vijiti. Fungu la mia nikalifungua yakawa makumi kumi, kumi moja nikalifungua zikawa mamoja. Mia 3, makumi 9, mamoja 13. Hapo wakaona sifuri inavyokopeshwa.

Tangu hapo watoto walisahihishiana kwa majibu ya ubaoni, wakibadilishana safu kwa safu, maana jirani kwa jirani hupeana vema za bure. Mimi nilikusanya safu moja tu kwa siku, daftari 28, bila kutangaza ipi, kwani ikijulikana nyingine huzembea. Ijumaa ilikuwa ya makosa ya wengi.

Nafuu niliipata, ila sitamwambia binti yangu kwamba mpango huu unatosha. Watoto 112 kwa mwalimu mmoja ni wengi mno, hata ukipanga vipi. Walikuwepo waliohitaji kuonwa Jumatatu na zamu ya safu yao ilikuwa Alhamisi. Daftari za hao, sita au saba, niliendelea kuzibeba nyumbani.