Atakufunga na Kukuchukua Usikotaka

Neno la juma: Yohane 21:18

Juma hili tunakaa na maneno ambayo Yesu alimwambia Petro kando ya ziwa, baada ya kumuuliza mara tatu kama anampenda: "Wakati ulipokuwa kijana, ulikuwa ukijifunga mwenyewe na kwenda utakako, lakini utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Mwinjili anaeleza palepale kwamba Bwana alikuwa akisema habari za kifo cha Petro. Hata hivyo, aliyewahi kumvalisha mzazi wake anaijua mikono hiyo. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, ananyosha mikono mbele kama mtoto, na mtu mwingine anapitisha kanga mgongoni, anaizungusha, anaifunga. Akikaza mno, inambana tumbo. Akilegeza, itamteremkia miguuni akielekea msalani, na hapo ndipo wazee wengi huanguka na kuvunjika nyonga.

Kwa familia kadhaa za parokia zetu, "usikotaka" ya leo ina lango na mlinzi. Ni makao ya wazee. Sisi tunaoandika tunahudumu humo, na tunawaandikia wana na mabinti wanaotoka langoni wakiwa wameinamisha vichwa.

Wanainamisha vichwa kwa sababu nyumbani wamekwisha kusemwa: wamemtupa mama yao. Wasemaji wana Maandiko mkononi. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini" (1 Tim 5:8). Na neno kutupa lenyewe ni la Zaburi ya 71: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Hayati Papa Fransisko, aliyeanzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani mwaka 2021, alilichukua ombi hilo liwe kaulimbiu ya mwaka 2024. Hatuwezi kulipunguza makali. Wapo wanaotupwa kweli. Analetwa, karo ya mwezi wa kwanza inalipwa, namba ya simu iliyoachwa haipatikani tena.

Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shangazi anayelaumu hajawahi kumgeuza peke yake mtu wa kilo 70 saa nane za usiku, wala kumkuta baba barabarani alfajiri bila viatu akitafuta nyumba iliyobomolewa zamani. Tunaona binti mmoja aliyeachiwa kazi yote, mgongo umeharibika, kazi imepotea, na mama bado ana kidonda mgongoni kwa sababu mikono miwili haikutosha. Kumleta mama huyo mahali penye watu wa zamu ya usiku si kuikana imani.

Tazama pale msalabani. Mwana hana mkono ulio huru wa kumshika mama yake. Anamkabidhi kwa mtu anayemwona kwa macho, na anawapa kila mmoja neno lake: "Mama, tazama, mwanao... Tazama, mama yako." Na tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Kukabidhi ni kazi yenye hatua zake, na mahali familia nyingi zinapokosea ni hapo hapo, kwenye makabidhiano.

Kosa la kwanza ni uongo wa siku ya kuondoka. "Twende hospitali kidogo tu, mama." Anapanda gari, anashushwa langoni, na kuanzia saa hiyo haamini tena kijiko wala kidonge anachopewa na mtu yeyote. Mwambie kweli, hata kama atalia, hata kama kesho atakuwa amesahau na itabidi umwambie tena kwa upole. Kisha mje na karatasi iliyoandikwa. Dawa zote ziwemo: jina, kipimo, saa, na ugonjwa zinaoutibu, pamoja na maboksi yenyewe, kwa sababu vidonge vyeupe vya presha vinafanana na vidonge vyeupe vya mambo mengine kumi. Andikeni jina analopenda kuitwa. Aliyefundisha shule miaka 30, akiitwa "shosho" (bibi) na kila mtu, hugoma kuitika, na watu hudhani hasikii. Andikeni mkono upi una nguvu, analala ubavu gani, anaamka mara ngapi usiku kukojoa, na lugha ya mama yake ni ipi, maana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikikomaa, lugha alizojifunza baadaye mara nyingi hutangulia kuondoka, Kiswahili kikiwemo.

Nguo ziwe za kufunguka mbele, kila moja imeshonewa jina shingoni, kwa kuwa zote hufuliwa pamoja. Kandambili ziacheni nyumbani. Lete viatu vinavyoshika kisigino, soli ya mpira. Na msiulize wahudumu ni wangapi. Ulizeni ni wangapi usiku, kwa wazee wangapi, na nani anashika ufunguo wa kabati la dawa saa hizo.

Makao mengine huwaambia ndugu wasije wiki mbili za mwanzo ili mzee "azoee". Hatukubaliani na ushauri huo. Anachojifunza katika siku hizo 14 ni kwamba ameachwa. Njooni mara nyingi, mkae kidogo, dakika 40 zinatosha, na kila mnapoaga mseme siku ya kurudi kisha muitimize.

Wageni wengi huja Jumapili baada ya Misa. Siku hiyo sakafu inanukia sabuni na kila mzee ameogeshwa. Njoo Jumanne, saa sita na nusu, chakula kikiwa mezani. Hapo utaona jambo ambalo halionekani kwingine. Mzee aliyepata kiharusi amekula nusu ya ugali na nusu ya mboga, sahani imegawanyika kama kwa rula, na upande wa kushoto haukuguswa. Daftari la wahudumu linasema: hana hamu ya kula. Kumbe kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huweza kumfanya mtu asiuone wala kuukumbuka upande wake wa kushoto. Zungusha sahani. Atakula kilichobaki. Kikombe nacho kiko juu ya kimeza, kimejaa, kimefunikwa vizuri, kimewekwa upande wa mkono uliopooza. Daftari linasema: amekataa kunywa.

Aliyeanzisha shirika la Masista Wadogo wa Maskini, Mtakatifu Jeanne Jugan, alianza na mtu wa namna hiyo. Katika majira ya baridi ya 1839, katika mji wa Saint-Servan huko Ufaransa, alimpokea mjane kipofu aliyepooza upande mmoja, akamlaza kitandani pake, mwenyewe akahamia darini. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009, na mabinti zake wangali wakiwatunza wazee maskini Nairobi, katika Nyumba ya Wazee, Kasarani. Kabla ya shirika na kanuni kulikuwa na kitanda kimoja, na mtu aliyejua mgonjwa wake hana nguvu upande upi.

Turudi mezani. Anayelishwa akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko cha chai na wala si cha supu, na kijiko cha pili kisubiri mpaka koo lipande na kushuka. Sahani moja huchukua dakika 30 hadi 40. Akimaliza asilazwe nusu saa nzima. Anayeharakishwa hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, na baada ya siku chache ana homa ya mapafu. Mhudumu mwenye wazee wanane wa kulisha hana dakika 40 kwa kila mmoja. Hiyo ndiyo hesabu, na ndiyo sababu mwana akija saa ya chakula anakuwa amefanya kazi halisi. Kiu nayo hupungua uzeeni. Glasi sita kwa siku ni kiasi cha kawaida, isipokuwa daktari amezuia kwa ajili ya moyo au figo, na nyingi zitanywewa ikiwa tu kuna mtu anayemshikia.

Kisha fungua shuka, ukiwa umeomba ruhusa yake. Tazama visigino, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila saa mbili hivi, usiku pia. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta sehemu iliyoiva kuwa nyeusi zaidi au zambarau, gusa kama ina joto, kama imekuwa ngumu au laini kuliko ngozi ya jirani. Ukiiona, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo na umwombe aandike. Usiisugue. Kidonda kinachoonekana kidogo juu mara nyingi kimekula sana chini.

Omba uzito wake kila mwezi. Aliyekuwa na kilo 60 akirudi na 57 mwezi unaofuata, hilo ni la kumwita daktari. Vilevile mzee aliyekuwa akizungumza vizuri Jumamosi na Jumatatu hajui alipo: usikubali kuambiwa "ni uzee". Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, au dawa mpya. Na akiwa analala mchana kutwa tangu abadilishiwe dawa, uliza anapewa nini, na kwa ajili ya nani.

Usije kama polisi. Wanaofanya kazi hii wengi ni vijana wanaolipwa kidogo. Wasalimie kwa majina, washukuru kwa jambo mahususi, kisha useme hoja yako. Mhudumu anayejua familia inamthamini huwa wa kwanza kupiga simu mambo yakiharibika.

Kwa wenye dimensia, jioni ndiyo saa ngumu. Jua likishuka anaanza: nataka kwenda nyumbani, mama ananingoja. Mama yake alifariki zamani, na ukimwambia hivyo atafiwa upya, kesho tena na kesho kutwa. Muulize mama alikuwa akipika nini jioni. Mshike mkono, tembeeni mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Kisha sali naye kwa lugha yake ya kwanza. Aliyesahau jina la kifungua mimba wake anaweza kuimalizia Salamu Maria mpaka "saa ya kufa kwetu" bila kukwama. Rozari mkononi husaidia hata pale maneno yamekwisha, kwa kuwa vidole hukumbuka.

Sakramenti zinachelewa mno. Familia huogopa kumwita padre, wakidhani Mpako wa Wagonjwa ni tangazo la kifo. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inaruhusu apakwe mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mwiteni akiwa bado anaweza kuitikia Amina. Kanuni ya 919 inasema wazee na wagonjwa wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia, na inawataja pia wanaowahudumia. Mhudumu aliyekunywa chai ya haraka kati ya kitanda na kitanda, Kanisa limemkumbuka. Mwambieni, kwa maana wengi hawajui.

Kuhusu fedha tutasema machache. Aliye Ulaya au Marekani hutuma pesa na amri. Aliye karibu hubeba kazi na lawama. Kaeni, mwandike nani anatoa kiasi gani na tarehe ipi, na muda wa anayetembelea uhesabiwe kama mchango. Pampasi na usafiri wa hospitali huwa nje ya karo katika makao mengi, ulizeni mapema. Nchini Kenya, posho ya serikali iitwayo Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi. Haitoshi, lakini ni haki yake, itumike kwake. Ibara ya 57 ya Katiba ya nchi hiyo inaitaja familia na Serikali pamoja katika kumtunza mzee. Tanzania, makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni ni ya wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo mwenye watoto wenye uwezo asitafute nafasi ya mjane asiye na mtu. Paulo alilisema hilo hilo (1 Tim 5:16).

Kwa juma hili, jumuiya yenye mtu katika makao ya wazee igawane siku, nyumba moja siku moja, isiwe Jumapili. Atakayekwenda abebe mafuta ya kupaka na kanga iliyofuliwa. Ampake visigino huku akivitazama. Amfungie kanga, isibane, isiteremke. Kabla ya kuaga asogeze kikombe upande wa mkono wenye nguvu, na amwambie ni nani atakuja kesho.