Kaondoka, alikujaga na neno "kosa"

Mpwa wangu kaniletea insha iliyosahihishwa. Aliandika "Mama kaondoka bila kuaga", na chini ya kitenzi pamepigwa mstari mwekundu na kuandikwa: kosa. Kwamba mtihani unataka ameondoka, sina ubishi. Hilo neno kosa ndilo lililonikaa rohoni mchana kutwa.

Kaondoka, kalala, kafika: maumbo haya ya pwani yana kanuni, na wanaoyatumia hawabahatishi. Ukimwambia mtu "baba kafika" anajua ni nani na kwamba tendo limekamilika. Tena wengi wanaoyakataa husema keshafika bila wasiwasi wowote. Kosa ninalolitambua mimi ni la mgeni anayejifunza akasema hakulikuja, akabebesha kitenzi kimoja -ku- ya kukanusha na -li- ya wakati uliopita. Hakuna mji wala kijiji kinachosema hivyo.

Usanifu ulikuwa uamuzi wa watu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Kimvita, lahaja ya Mombasa, nacho kilikuwa na watetezi wake, na mmisionari Mjerumani Krapf alikwisha kukiandikia sarufi na kamusi katika karne ya 19. Uamuzi ungeegemea huko, leo mistari myekundu ingepigwa chini ya maneno mengine. Nakubali tulihitaji lahaja moja ya kuchapishia vitabu vya shule. Ila si sanifu ni jambo moja, na si sahihi ni jambo jingine kabisa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Tunawafundisha wanafunzi kuheshimu walaliye na waketiye (yaani wamelala na wameketi) katika tenzi za kale za Lamu, na hilo ni umbo la wakati lisilo sanifu vilevile, lenye asili moja na -ile inayosikika hadi leo katika Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa, Somalia, na katika lugha nyingi za Kibantu. Likiwa kwenye utenzi tunaliita hazina. Mtoto akitoka bara na nilikuwaga au alikujaga, tunacheka.

Nami nimejiuliza kwa dhati: -ga hiyo ina kazi gani? Inayo, na kubwa. Alikuja ni mara moja, au hatujui mara ngapi. Alikujaga ni mazoea: alikuwa na kawaida ya kuja. Sanifu ina hu- kwa mazoea, lakini huja haikupeleki wakati uliopita; inabidi useme alikuwa akija. Wazungumzaji wa bara walikuwa na kiambishi hicho katika lugha zao za kwanza, wakakitia kwenye Kiswahili, mahali panapohitaji. Siwezi kuitetea kaondoka kwa sababu ni ya pwani kisha nikaitupa alikujaga kwa sababu haikuzaliwa baharini. Kipimo kiwe kimoja: je, wapo watu wanaoitumia kwa utaratibu na kuelewana?

Masikio yangu bado hayajaizoea, nami nayalazimisha. Ningependa kamusi ijayo iiingize -ga, ieleze inatumiwa wapi na kwa maana gani, kama zinavyofanya kamusi kwa msamiati wa kale na wa kishairi.