Nilivyojifunza Kihispania cha dukani

Duka ninalouza liko Nakuru, njia ya kwenda mbugani. Tunauza vikoi, shuka, viondo na vinyago vya mawe kutoka Tabaka, kule Kisii. Agosti, Wahispania wakiwa likizo, magari hufuatana. Dereva anayejua lugha yao akishawashusha huniambia, "Dada, hao ni wako," kisha anaenda zake kutafuta chai.

Niliamua mapema kwamba siulizi swali ambalo jibu lake sitalielewa. Vitabu hukufundisha uanze na ¿En qué puedo ayudarle?, yaani nikusaidie nini. Ni swali la adabu, ila utajibiwa maneno mia bila kituo. Mimi nikishasema Buenos días, habari za asubuhi, nanyamaza. Mteja akisema Solo estoy mirando, anatazama tu, basi namwacha atazame. Akishika kitu ndipo naingia: ¿Más grande?, kikubwa zaidi? ¿Más pequeño?, kidogo zaidi? ¿Otro color?, rangi nyingine? Hayo hujibiwa kwa sí, yaani ndiyo, kwa no, yaani hapana, au kwa kidole.

Matamshi hayakunisumbua. Irabu zao ni tano kama zetu, ñ ni ny yetu, ll wengi huitamka y, h haitamkwi kabisa, v husikika b, na j inakaribia kh ya Waarabu. Kwenye daftari niliandika ninavyosikia: ¿Efectivo o tarjeta?, taslimu au kadi, nikaiandika "efektibo o tarkheta". M-Pesa usiwatajie, hawana.

Kazi ilikuwa kwenye nambari. Sesenta ni sitini, setenta ni sabini, na masikio huzichanganya upesi. Mia tano ni quinientos, haifanani na cinco, tano, hata kidogo. Nilijizoeza nikipangusa vumbi: kila kinyago nilichoinua nilikitajia bei yake, mil doscientos, elfu moja mia mbili, dos mil quinientos, elfu mbili mia tano, mpaka mwenye duka akaniuliza nasali rozari ya wapi. Hata sasa bei naitaja huku nikiionyesha kwenye kikokotoo. Pesa haitaki kubahatisha.

Mama mmoja alimpenda kifaru wa jiwe, akampima mkononi, akasema Pesa mucho, ni mzito. Nikamletea mdogo wake: Éste pesa menos, huyu ni mwepesi. Nikaongeza Hecho a mano, kimechongwa kwa mkono, maana hilo hulipenda. Bei ilikuwa 1,500. Akauliza ¿Me lo deja en mil?, utaniachia kwa elfu? Nikajibu Mil trescientos, elfu moja mia tatu. Akamtazama mumewe, akacheka, akasema Me lo llevo.

Hiyo ndiyo sentensi ninayomsisitizia kila msichana mpya anayekuja kuuza: namchukua. Ukiisikia, acha kusifu bidhaa na uache kupunguza bei. Wapo wauzaji wanaoendelea kushusha bei kwa mteja aliyekwisha kukubali.

Nikauliza ¿Se lo envuelvo?, nikufungie? Natumia namna ya heshima, ya usted. Vijana wa Hispania huona ni rasmi mno, lakini heshima haijanifukuzia mteja. Pembe niliizungushia kitambaa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo huvunjika safarini, halafu gazeti na utepe. Nikiwa bado nafunga, mumewe akarudi kwenye rafu akamnyooshea kidole yule mzito: ¿Y ése, cuánto?, na huyo, bei gani?