Kumi ya Marko na Kumi ya Teso

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, Yesu anaingia nyumbani kwa Yairo, anamshika mkono binti aliyekuwa akililiwa, na kumwambia kwa Kiaramu maneno mawili ambayo Biblia zetu za Kiswahili zimeyaacha kama yalivyo: "Talitha, kumi." Tafsiri inafuata papo hapo, kwamba msichana anaambiwa ainuke, lakini msikilizaji wa Kiswahili huifikia tafsiri hiyo akiwa amekwisha kuanza kuhesabu. Nililishuhudia jambo hilo mwaka 2006 katika mji wa Kumi, eneo la Teso, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara itokayo Mbale kwenda Soroti, na sidhani kama kuna mji mwingine ambao aya ile ingezua mabishano marefu kiasi kile.

Kaka yangu mkubwa, askari polisi, alikuwa amehamishiwa huko, nami, nikiwa nimemaliza masomo ya lugha Makerere na kukosa kazi, nilikuwa nikikaa kwake. Binti yake alikuwa ametoka kuugua malaria kali, na shemeji akaandaa sala ya shukrani uani, katika nyumba za polisi, mahali ambapo Mlugbara, Msamia, Mgisu na Mwacholi walielewana kwa Kiswahili tu, kama ilivyo desturi ya kambi za askari nchini kwetu tangu enzi za mkoloni. Sala iliongozwa na katekista, mzee wa Kiteso mwenye sauti nzito, ambaye hakukiamini sana Kiswahili chake na kwa hiyo akanipa mimi Biblia nisome. Jirani yetu Hajati, Mnubi wa makamo aliyeishi kwa kusuka na kuuza vifuniko vya chakula vya rangi rangi, alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, kazi yake mapajani. Yeye ni Mwislamu, lakini mtoto aliyepona alikuwa akishinda kwake, na hakuna aliyeona ajabu kwamba amekuja.

Nilipotamka "Talitha, kumi", mtoto mmoja wa kiume akauliza kwa sauti, "Kumi nini?" Watu wakacheka, mama yake akamfinya. Niliendelea hadi pale Marko anapoeleza kwamba yule binti alikuwa wa miaka kumi na miwili, na mtoto akatikisa kichwa kama mtu aliyepata haki yake: hesabu ilikuwa imekatizwa tu, na sasa imekamilika. Nakiri kwamba sijawahi kusikia ufafanuzi mbaya wa Maandiko uliokaa vizuri namna ile.

Sala ilipokwisha, tukiwa tunakula atap, ugali wa Kiteso wa wimbi, kwa kuku, katekista alitangaza kwamba watu wa Kumi wana bahati, kwani mji wao umetajwa katika Injili. Kaka akamwambia kwa heshima, "Mzee, hiyo ni kumi ya kuhesabu tu." Mzee akaweka tonge chini na kuinua mkono. Alituhesabia kwa Kiteso, akikunja kidole kimoja kimoja: tano ni ikany, kisha sita hadi tisa hujengwa juu ya tano ile ile, na kumi ni itomon. Basi, akasema, Mteso akitaja kumi yake hataji jina la mji huu, na kama jina si hesabu, litakuwa nini isipokuwa neno la Bwana la kuinuka? Nusu ya kwanza ya hoja yake ilikuwa imara. Kiteso ni lugha ya Kiniloti, jamaa ya Kimaasai, ambacho nacho husema tomon, wala hakikuhitaji kuazima hesabu kwa Wabantu. Nusu ya pili ilikuwa ya imani zaidi kuliko isimu.

Shemeji, ambaye ni Muganda, hakukubali kumi ya kuhesabu idharauliwe. Katika Kiganda, alisema, kkumi ni kumi, kikumi ni mia, na lukumi ni elfu moja, ile ile anayoitaja kila siku anaponunua nyanya. Ni mzizi mmoja unaopanda ngazi kwa kubadilisha kiambishi cha mbele tu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumeivunja ngazi hiyo: sita, saba, tisa, mia na elfu tumezichukua kwa Waarabu, na kumi imebaki katikati ya wageni hao, neno la Kibantu lililokuwapo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga Lamu.

Hajati alikuwa kimya muda wote huo. Hatimaye akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ususi wake, "Hilo neno mbona mimi nalijua? Kinubi chetu, ukimwamsha mtoto asubuhi, unamwambia 'gum'. Inuka." Katekista akageuka kwa mshangao, kwani hakutarajia kusaidiwa kutoka upande ule.

Hapo ndipo nilipoona masomo yangu yana faida. Kinubi kilizaliwa kwa Kiarabu cha askari wa Sudan, wale wa gavana Emin Pasha ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwaleta Uganda mwaka 1891, na Kiarabu na Kiaramu ni lugha ndugu, kiasi kwamba Mwarabu anapomwamuru mwanamke asimame humwambia "qumi". Hajati alikuwa amemwelewa Yesu bila mkalimani, huku sisi tuliolisoma neno lenyewe tukihesabu vidole. Zaidi ya hayo, jamaa za kumi ya Marko wamo ndani ya Kiswahili, ila hawakuvaa sura ya kumi. Wamevaa sura ya kiyama, siku ya kuinuka kwa wafu. Ya kaimu, anayesimama mahali pa mwenye cheo. Ya makamu, na hata ya takwimu. Nilipolitaja neno kiyama, Hajati aliacha kusuka. "Basi yule binti alifanyiwa kiyama chake peke yake, mapema," akasema, na katekista akaitikia amina.

Miaka iliyofuata nimezikuta kumi nyingine. Wajapani wana kumi yenye maana ya kundi au darasa la wanafunzi, itokanayo na kitenzi cha kuunganisha vitu pamoja, na vijana wa karate huitamka bila kujua wanaposema kumite, yaani pambano. Iliyonifurahisha zaidi ni ya Kifini, ambayo maana yake ni mpira. Kampuni ya mpira ya Suomen Kumitehdas, iliyoanzishwa mwaka 1898 na kutengeneza mabuti ya mpira, iliunganishwa mwaka 1967 na kampuni nyingine kuwa Nokia, kwa hiyo simu ya tochi aliyokuwa nayo shemeji siku ile ilikuwa na kumi katika ukoo wake. Neno hilo liliingia Ufini kupitia Kiswidi kutoka gummi ya Kilatini, nayo ikatoka kwa Wagiriki, ambao wanaisimu husema waliipata Misri, kwa jina la utomvu wa mgunga. Ndilo neno lililojificha ndani ya gambuti zetu. Migunga ya utomvu huo imejaa Karamoja, jirani kabisa na Teso, lakini hiyo haimpi katekista ushindi wowote. Sauti za k, m, u na i ni miongoni mwa zile ambazo lugha nyingi sana duniani zinazo, na silabi mbili fupi za namna hiyo lazima zigongane mara kwa mara bila kujuana. Kufanana kwa sauti hakumwonyeshi mtu njia. Njia huonyeshwa na kkumi, kikumi na lukumi zikisimama pamoja, au na gum ya Hajati ikisimama kando ya kiyama.

Siku ile uani, katekista alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niandike pembeni mwa aya ile, katika Biblia yake mwenyewe, "tazama kiyama". Nilipotoa kalamu ya wino akanizuia na kumtuma mtoto alete penseli, kwa sababu, alisema, habari ya mji bado hajaiacha.